Saa Mbili za Mwisho Baharini, na Wiki Tano Baada Yake

Wanaoniuliza kuhusu safari yangu ya kayaki kutoka Mikindani hadi Pangani huniuliza zaidi juu ya mwanzo wake: chombo nilikipata wapi, viboko wa delta ya Rufiji niliwakwepaje, usiku nililala kwa nani. Hakuna aliyewahi kuniuliza nilivyoimaliza, ingawa katika siku 38 za safari hiyo, 11 kati yake zikiwa za kukaa pwani nikisubiri upepo upungue, madhara yote makubwa niliyoyapata yalitokea katika saa mbili za mwisho baharini na katika wiki tano zilizofuata nikiwa nyumbani Moshi. Ninawaandikia wale wanaofikiria safari kama hiyo peke yao, na ambao wamekwisha kupanga kila kitu isipokuwa namna ya kuimaliza.

Kazi yangu ni kuongoza wageni Mlima Kilimanjaro, na utoto wangu niliupitisha kando ya bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako mtoto hujua mtumbwi kabla ya kujua baiskeli. Nilichagua Pangani kuwa mwisho wa safari kwa sababu ya mapenzi tu. Mto Pangani hubeba maji ya Kilimanjaro na ya Meru, yanayokutana Nyumba ya Mungu kupitia mito ya Ruvu na Kikuletwa, kisha hushuka kupita Korogwe mpaka Bahari ya Hindi, nami nilitaka kufunga safari yangu katika maji ya kwetu. Sababu hiyo ilipendeza sana kuisimulia, lakini hakuna nahodha wa pwani ambaye angeikubali, kwa kuwa mlango wa mto mkubwa ni mahali pabaya pa kufikia ukiwa umechoka.

Kusi, upepo unaovuma kutoka kusini mashariki takriban kuanzia Aprili hadi Oktoba, ulikuwa umenisukuma mgongoni tangu Mikindani, na mkondo wa bahari wa pwani yetu nao huelekea kaskazini, kwa hiyo zile kilomita 600 na zaidi hazikuwa za kupigana na bahari kila siku. Usiku wa mwisho nililala Kipumbwi, kusini mwa Pangani, nikiwa nimebakiza kama saa nne za kupiga kafi. Ilikuwa siku ya tatu baada ya mwezi mpevu, yaani bado tulikuwa katika bamvua, kipindi ambacho maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Siku hiyo maji yalijaa karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na yangekuwa yamekupwa kabisa karibu saa saba kasorobo mchana. Mzee aliyenipa ukumbi wa nyumba yake nilale alinikuta nafunga mizigo alfajiri, nikamwamkia, akaitikia kisha akanitazama kwa muda. “Mwanangu, ukiondoka sasa utafika mlangoni maji yanatoka kwa nguvu. Kunywa chai, uondoke saa nne, utaingia na maji yakiingia.”

Nilimshukuru, kisha nikaondoka saa kumi na mbili ileile. Mama yangu, shangazi na wadogo zangu wawili walikuwa wamepanda basi kutoka Moshi siku iliyotangulia, wamelala Tanga, na wangekuwa Pangani mjini, karibu na kivuko, kuanzia saa tatu, kwa sababu mimi mwenyewe niliwatajia tarehe na saa wiki moja kabla. Katika siku zote zilizotangulia nilikuwa nimewasikiliza wavuvi bila ubishi. Siku hiyo moja nilisikiliza ratiba ya basi.

Nilifika mlangoni saa nne, wakati maji yanapotoka kwa kasi kuliko wakati wowote. Hali yenyewe ni rahisi kuieleza, na kila anayemalizia safari mtoni anapaswa kuielewa kabla hajaiona. Maji ya mto na maji ya kupwa hutoka pamoja kuelekea baharini, na upepo wa kusi husukuma mawimbi kuelekea nchi kavu. Vinapokutana, wimbi hufupika, husimama wima na kuvunjika, hasa palipo na fungu la mchanga chini yake. Ukitazama kutoka baharini unaona migongo tu ya mawimbi, nayo haitishi. Sura zake unaziona ukiwa umeshaingia katikati. Kayaki yangu iligeuzwa ubavu na wimbi la tatu ikapinduka. Nilijaribu mara mbili kuiinua nikiwa ndani, nikashindwa, nikatoka. Mkondo ulinipeleka nje pamoja na kayaki iliyojaa maji, kafi la akiba na mfuko wa chakula, na bega langu la kulia likawa limeteguka kwa namna ambayo naikumbuka hadi leo ninapovaa mkoba. Vijana wawili waliokuwa wakirudi na ngalawa walinirushia kamba. Nilichokuwa nimekifanya sawasawa asubuhi ile ni kuvaa jaketi la kuokolea maisha na kulifunga vizuri.

Mwaka 2007, Mwaustralia Andrew McAuley alipiga kafi peke yake kuvuka bahari ya Tasman kuelekea New Zealand, na baada ya karibu mwezi mzima baharini alipotea akiwa amebakiza takriban maili 30 za baharini kufika Milford Sound. Kayaki yake ilipatikana, yeye hakupatikana. Sisemi kwamba alifanya kosa kama langu, kwa kuwa bahari ile ni ya aina nyingine kabisa na yeye alikuwa bingwa. Ninamtaja kwa sababu mtu aliyebakiza maili 30 huonekana na watu wa nchi kavu kuwa amekwisha kufika, na yeye mwenyewe huanza kujiona hivyo, hali mwili wake una uchovu wa siku zote zilizopita. Sisi wa mlimani tunalijua hili vizuri: mgeni ambaye amefika Uhuru, mita 5,895, huacha kutazama anapokanyaga, na magoti na vifundo huumia wakati wa kushuka.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kutompa mtu yeyote tarehe ya kufika. Wape watu wa nyumbani wiki, au wape mwezi, na mtu mmoja tu mwenye akili iliyotulia apewe taarifa yako kila jioni na ajue ni wakati gani wa kuomba msaada ukinyamaza. Mapokezi yafanyike kesho yake. Pili, mahali pa kumalizia pachaguliwe kwa vigezo vya diko, yaani mahali wavuvi wanapofikishia vyombo vyao, na si vya picha: ufuko uliojikinga na kusi, wenye wavuvi, wenye barabara, na ambao unaweza kuufikia maji yakiwa yamejaa au yamekupwa. Mimi ningemalizia Ushongo, nikafika Pangani kwa pikipiki, na mto ungekuwa pale pale. Tatu, punguza mwendo katika siku tatu za mwisho badala ya kuongeza. Kula kama unayeanza, lala mapema, na ukiamka unahesabu kilomita zilizobaki kabla hujatazama bahari, chukua siku ya mapumziko hata kama upepo ni mzuri.

Usafiri wa kurudisha kayaki uupange kabla hujaondoka, maana hakuna basi litakalokubali kitu cha mita tano juu ya paa lake. Yangu ilirudi juu ya machungwa ya Muheza katika Fuso lililokuwa linaelekea Arusha.

Nyumbani nilifanya kosa la pili, nalo lilitokana na fedha. Nilikuwa nimeacha msimu mzima wa mlima, Julai hadi katikati ya Septemba, ambao ndio unaotulisha sisi, na akiba niliihesabia mpaka siku ya kufika tu. Wiki mbili na nusu baada ya kurudi nilikubali kuongoza kundi kwa njia ya Marangu. Mikono na mgongo vilikuwa na nguvu kuliko wakati wowote maishani mwangu, jambo ambalo lilinidanganya, kwani miguu iliyokaa imenyooshwa ndani ya kayaki kwa wiki tano ilikuwa imepoteza misuli bila mimi kutambua. Kupanda nilijikaza. Wakati wa kushuka kutoka kambi ya Horombo magoti yalikataa, na msaidizi wangu ndiye aliyewafikisha wageni getini huku mimi nikifuata nyuma na fimbo mbili kama babu wa ukoo. Tenga fedha za matumizi ya miezi miwili baada ya safari, uzihesabu kuwa sehemu ya gharama za safari yenyewe, na uanze upya kwa kutembea tambarare.

Kuna jambo jingine ambalo sikuambiwa na mtu. Kwa wiki kadhaa niliamka saa tisa usiku nikiwa na hakika kwamba maji yamefika kwenye hema, kumbe ni majani ya migomba nyuma ya nyumba yanapigwa na upepo. Mchana niliwakwepa watu. Sokoni Mbuyuni kila aliyesikia habari zangu aliniuliza swali moja, nani alinilipa, na nilipojibu kwamba sikulipwa mazungumzo yaliishia hapo. Nilikasirika mwanzoni, kisha nikaona kwamba swali lao ni la haki: mtu ameacha kazi msimu mzima, amerudi na bega bovu, lazima kuwe na maelezo. (Mjerumani Oskar Speck aliondoka kwao kwa kayaki mwaka 1932, akafika visiwa vya kaskazini mwa Australia Septemba 1939 akakuta vita vimeanza, na akawekwa kizuizini. Mimi niliulizwa tu.) Kilichonisaidia ni kuwapigia simu, mmoja baada ya mwingine, watu walionilaza njiani, kuanzia Kilwa Masoko mpaka Kipumbwi, kwa sababu hao hawakuhitaji kuelezwa bahari ni nini na wengi wao walikuwa wakisubiri kujua kama nilifika. Yule mzee wa Kipumbwi nilimpigia wa mwisho kwa aibu. Alikuwa ameshasikia habari zote kwa vijana wa ngalawa, naye aliuliza tu hali ya bega.

Kipande cha Pangani hadi Jasini, mpakani na Kenya, bado sijakipita, na kayaki ipo chini ya migomba ikiwa na kiraka kipya ubavuni. Mama ameambiwa mwezi tu. Siku yenyewe nitampigia nikiwa nimeshaivuta kayaki juu ya mchanga mkavu.