Maswali ya Wasomaji: Shabiki na Orodha Yake ya Viwanja

Barua nyingi tulizopokea safari hii zimetoka kwa mashabiki ambao hawasafiri kwa ajili ya kuifuata timu moja tu, bali kwa nia ya kuviona viwanja vya soka ya kulipwa vingi kadiri wanavyoweza. Tumechagua maswali sita. Majibu hayalingani kwa urefu, kwa kuwa maswali yenyewe hayalingani kwa uzito.

SWALI: Ndugu Mhariri, nilitembelea uwanja mmoja mkubwa katikati ya wiki, nikalipia ziara ya kuongozwa, nikaketi kwenye benchi la wachezaji wa akiba na kuingizwa hadi kwenye vyumba vya kubadilishia nguo. Rafiki yangu ninayesafiri naye anasisitiza kwamba uwanja huo haustahili kuingia kwenye orodha yangu. Ni nani aliye sahihi?

JIBU: Rafiki yako. Uingereza kuna chama cha mashabiki kiitwacho The 92 Club, ambacho mtu hukubaliwa kuwa mwanachama wake baada ya kuhudhuria mechi ya mashindano katika viwanja vya klabu zote 92 za ligi nne za juu za nchi hiyo. Ziara haihesabiwi, na sisi tunaona kanuni hiyo ni ya haki. Chukua mfano wa jukwaa la kusini la uwanja wa Borussia Dortmund, ambalo huchukua takriban watu 25,000 waliosimama. Siku ya ziara utakachoona ni mteremko wa zege wenye vyuma vya kuegemea, na kiongozi wa msafara akikuomba ujenge picha kichwani. Siku ya mechi huhitaji kujenga picha yoyote, kwa sababu jukwaa lenyewe limegeuka kuwa ukuta wa watu wanaoimba, na utaelewa mara moja kwa nini wapigaji penalti wa timu ngeni hawapendi kupiga kuelekea upande ule.

Fahamu pia kwamba orodha ya namna hiyo haitulii. Kila msimu klabu mbili hushuka kutoka daraja la nne na nyingine mbili hupanda kushika nafasi zao, na mara kwa mara klabu huhama. Everton ilipohamia uwanja mpya mwaka 2025, shabiki aliyekuwa amekamilisha viwanja vyote 92 alijikuta ana deni la safari nyingine ya Liverpool.

Kuhusu dakika za kutazama ili uwanja uhesabiwe, wapo wanaoridhika na kipindi kimoja. Sisi tunashauri kipenga cha kwanza hadi cha mwisho. Mwandishi wa majibu haya aliwahi kutoka dakika ya 86 ili awahi treni, akasikia mlipuko wa shangwe za bao la ushindi akiwa kwenye ngazi za kutokea. Hadi leo uwanja ule umeandikwa katika daftari lake kwa penseli.

SWALI: Nilinunua tiketi ya ndege na kulipia hoteli kwa ajili ya mechi ya Jumamosi, kisha ligi ikaisogeza mechi hiyo hadi Jumatatu usiku. Klabu ilinirudishia fedha za kiingilio, lakini gharama nyingine zote zilipotea. Je, ningeweza kulizuia jambo hili?

JIBU: Pole sana. Hili ndilo tatizo kubwa kuliko yote katika safari za namna hii, na kwa bahati nzuri lina kanuni zake, ijapokuwa hakuna anayekuuzia tiketi atakayekueleza.

Ratiba inayotangazwa kabla ya msimu kuanza huwa ni orodha ya raundi tu, wala si ahadi ya siku na saa. Vituo vya televisheni huchagua mechi zao baadaye, kwa mafungu, na mechi ikichaguliwa inaweza kuangukia siku yoyote kati ya Ijumaa na Jumatatu. Ujerumani, kwa mfano, hutangaza raundi zote mapema lakini huthibitisha siku na saa kamili za mechi hatua kwa hatua. Kwa hiyo, unapoona tarehe ya Jumamosi ambayo haijathibitishwa, isome kuwa ni siku nne, na usifunge safari yoyote isiyoweza kubadilishwa hadi uthibitisho utoke.

Baada ya hapo, jifunze kuisoma ratiba kama wanavyoisoma wenyeji wake. Timu inayocheza mashindano ya Ulaya siku ya Alhamisi kwa kawaida hucheza mechi yake ya ligi Jumapili. Basi ukiiona timu hiyo imepangiwa Jumamosi, tarajia mabadiliko. Timu inayoendelea kufanya vizuri kwenye kombe la taifa nayo ni ya hatari kwa msafiri, maana kila hatua inayovuka inaweza kusukuma mechi ya ligi hadi katikati ya wiki. Wiki za timu za taifa husimamisha madaraja mawili ya juu ya Uingereza, ilhali daraja la tatu na la nne huendelea; lakini hata huko klabu ambayo wachezaji wake watatu wameitwa na mataifa yao inaweza kuomba mechi iahirishwe, jambo ambalo mgeni hulijua akiwa tayari yuko stesheni. Kinyume chake, mechi za raundi ya mwisho ya msimu huchezwa kwa wakati mmoja katika ligi nyingi ili timu isicheze ikiwa inajua matokeo ya wengine, na hivyo siku yake huwa ya uhakika zaidi, isipokuwa tu kwamba hutaweza kuunganisha mechi mbili kwa siku hiyo.

Njia iliyo salama zaidi, kwa maoni yetu, ni kuchagua eneo badala ya kuchagua mechi. Bonde la Ruhr nchini Ujerumani lina Dortmund, Gelsenkirchen, Bochum, Essen na Duisburg, miji iliyokaribiana kiasi kwamba treni ya muda mfupi hukutoa mmoja hadi mwingine. Mechi moja ikihamishwa, kuna nyingine. London ina klabu za kulipwa nyingi kuliko siku utakazokaa. Katika jiji la Dundee, Scotland, viwanja vya watani wawili wa jadi, Dens Park na Tannadice, viko kwenye barabara moja, na mtu akitoka kimoja hahitaji hata kutafuta usafiri ili afike kingine. Buenos Aires na vitongoji vyake ni hazina ya aina hiyo hiyo: huko Avellaneda, Racing na Independiente ni majirani wa mita mia chache tu. Aliyeweka kambi katika eneo la namna hii hasumbuliwi sana na televisheni. Aliyeruka bara zima kwa ajili ya dakika 90 za mechi moja ameiweka safari yake mikononi mwa mtu asiyemjua, anayepanga vipindi.

SWALI: Mimi si shabiki wa timu yoyote kati ya zile ninazokwenda kuzitazama. Niketi upande gani, na je, naweza kuvaa jezi ya klabu yangu ya nyumbani?

JIBU: Keti kwa wenyeji. Tiketi za upande wa wageni ni chache na mara nyingi hugawiwa kwa kufuata rekodi ya safari za shabiki, kwa hiyo ukiipata moja umemnyima mtu aliyeifuata timu yake msimu mzima. Argentina mashabiki wa timu ngeni walizuiwa kuingia viwanjani tangu mwaka 2013, na ingawa milango imeanza kufunguliwa kwa baadhi ya mechi, hesabu yako ianze upande wa wenyeji.

Nunua kwa klabu yenyewe, hata ikibidi ujiandikishe uanachama wa msimu. Uingereza kuuza tena tiketi ya mechi ya soka bila idhini ni kosa kisheria tangu mwaka 1994, kwa hiyo anayekuuzia kando ya geti anakushirikisha katika kosa lake na pengine tiketi yenyewe haitafungua mlango. Italia tiketi huandikwa jina la mtu, na kitambulisho hutakiwa mlangoni. Hakikisha jina ulilojaza linafanana herufi kwa herufi na lililoko kwenye pasipoti.

Ama jezi, iache hotelini. Hatusemi hivyo kwa sababu kila uwanja ni wa fujo, kwani vingi ni vya amani kabisa. Tatizo ni kwamba mgeni hajui rangi ipi ni ya mtani wa nani. Skafu nyekundu isiyo na maana yoyote kwako inaweza kuwa ndiyo rangi ya watani wa jadi wa watu elfu arobaini wanaokuzunguka. Vaa kijivu.

SWALI: Begi gani linaruhusiwa?

JIBU: Dogo. Viwanja vingi huweka mpaka wa karibu ukubwa wa karatasi ya A4, na si vyote vyenye mahali pa kuhifadhi mizigo. Begi la safari liache stesheni au hotelini kabla hujaelekea uwanjani.

SWALI: Nina muda na nauli ya viwanja vitatu au vinne tu kwa mwaka. Nianze na vile vipya vinavyosifiwa, au vya zamani?

JIBU: Vya zamani, kwa sababu moja isiyo ya kishairi: vipya vitakusubiri. Goodison Park, uliofunguliwa mwaka 1892, ulikuwa na kanisa lililobanwa kwenye kona kati ya majukwaa mawili. Timu ya wanaume ya Everton ilicheza mechi yake ya mwisho pale tarehe 18 Mei 2025, na ni kwa vile klabu iliamua kuukabidhi kwa timu yake ya wanawake ndiyo maana bado mechi za ushindani zinachezwa hapo. Highbury ya Arsenal, iliyofungwa mwaka 2006, sasa ni makazi, na palipokuwa na nyasi za kuchezea pana bustani ya wapangaji. San Siro ya Milan, ambayo milango yake ilifunguliwa mwaka 1926, nayo tayari baraza la jiji limeidhinisha iuzwe kwa klabu zake mbili, zinazokusudia kujenga uwanja mpya pembeni yake. Ukiwa London, nenda Craven Cottage ya Fulham ukaone jukwaa la matofali la mwaka 1905, kazi ya Archibald Leitch, mhandisi kutoka Glasgow ambaye michoro yake ilizaa majukwaa ya sehemu kubwa ya klabu za Uingereza na Scotland za zama zile.

Hata hivyo, tusiwalilie wazee kupita kiasi. Mwaka 1985 moto uliteketeza jukwaa la mbao la Valley Parade mjini Bradford na kuua watu 56, na mwaka 1989 msongamano katika uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield ulisababisha vifo vya mashabiki 97. Uamuzi wa kuweka viti kila mahali katika madaraja ya juu ulitokana na maafa ya Hillsborough, na anayelalamika kwamba viwanja vipya vimepoteza ladha akumbuke bei iliyolipwa. Kusimama kumerudi katika ligi ya juu ya Uingereza tangu Januari 2022, safari hii kukiwa na reli mbele ya kila safu.

Na si kila uwanja mpya unafanana na mwenzake. Ule wa Braga, Ureno, uliofunguliwa mwaka 2003 na kubuniwa na Eduardo Souto de Moura, umechongwa ndani ya machimbo ya mawe. Una majukwaa mawili tu, na nyuma ya lango moja hakuna mashabiki bali mwamba mtupu. Huo unastahili nafasi katika vinne vyako.

SWALI: Mume wangu anatumia kiti cha magurudumu. Tunatamani kuanza safari hizi pamoja, lakini tovuti za klabu huandika tu kwamba uwanja unafikika.

JIBU: Neno hilo pekee halitoshi. Kanuni za leseni za UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, huzitaka klabu zinazoshiriki mashindano yake kuwa na ofisa wa huduma kwa watu wenye ulemavu, na klabu nyingine nyingi zinaye. Mwandikie huyo moja kwa moja badala ya dirisha la tiketi. Muulize kama tiketi ya msindikizaji hutolewa bure, jambo lililo la kawaida katika klabu nyingi, na kama nafasi zenu ziko miongoni mwa mashabiki wa wenyeji au zimetengwa kando. Kisha uliza kama jukwaa la viti vya magurudumu limeinuliwa vya kutosha kwa mumeo kuona lango watu wa mbele wanaposimama, kwani watasimama kila shambulizi linapokaribia, na hizo ndizo dakika mlizozifuata. Akikujibu kwamba mwonekano ni mzuri, mwombe kwa heshima akutumie picha iliyopigwa kutoka nafasi hiyo hiyo wakati mechi inachezwa, wala si uwanja ukiwa mtupu.