Protini Imefunga, Itafuturu Lini?

SWALI: Natafsiri makala ya baiolojia kuhusu p53, ile protini inayozuia uvimbe wa saratani. Nimeandika: "Protini hii hufunga kwa DNA na kuikunja." Mwenzangu anasema si "kuikunja", ni "kuipindisha". Nani kapatia?

JIBU: Mwenzako amekaribia, wewe uko mbali. Lakini mnabishania neno la mwisho huku balaa limekaa katikati ya sentensi na wote wawili mmelipita bila hata kupiga hodi: "hufunga kwa".

Nimechoka na "hufunga kwa". Kila nikifungua tafsiri ya sayansi nalikuta: dawa hufunga kwa kipokezi, homoni hufunga kwa seli, na leo zamu ya DNA. Kufunga ni kitenzi chenye kazi nyingi. Twafunga mlango, mzigo, mkanda, mjadala, ndoa, safari, bao. Ukikiacha bila yambwa, yaani bila kutaja kinachofungwa, msomaji anaelewa jambo moja tu: mtu hali wala hanywi. Basi protini yako imefunga, tena kwa ajili ya DNA. Pengine iliweka nadhiri. Wapo wanaojaribu kuiokoa sentensi na kuizamisha zaidi. "Hujifunga kwenye DNA" ni beki aliyetia mpira wavuni mwake mwenyewe. "Huifungia DNA" ni adhabu ya mechi tatu. "Huifunga DNA" angalau ni sarufi, ila sasa tuna mzigo wa kuni na tunatafuta kamba.

Hata sayansi inakikataa kitenzi hicho. Kilichofungwa hukaa kimefungwa mpaka aje wa kukifungua. p53 haina habari hizo: hushika, huachia yenyewe, hushika tena. Itazame kwa karibu. Molekuli zake nne huungana, zikakamata kipande cha DNA chenye nusu mbili, kila nusu ina jozi 10 za besi, zile herufi za DNA. Katika mnyororo wake wa asidi amino 393 (vijenzi vya protini), ile ya 248, iitwayo arginini, huchomeka ncha yake ndani ya mfuo mwembamba wa DNA kama kidole kwenye upenyo. Ya 273, nayo arginini, hukamata uti wa fosfeti, ule mhimili wa nje wa DNA. Moja kati ya hizo ikibadilika, mkono unalegea, na mabadiliko ya hapo ni miongoni mwa yanayoonekana mara nyingi katika saratani. Jeni ya protini hii huwa imeharibika katika karibu nusu ya saratani za binadamu. Sasa niambie, kitu chenye vidole hufunga au hushika? Andika "hushika DNA". Ukitaka urasmi, "hushikamana na DNA". Ni "na", nasema, si "kwa".

Haya, hilo neno lenu la mwisho. Kukunja ni kulaza upande juu ya upande: shuka, mkeka, karatasi. DNA iliyoshikwa na p53 hailazwi hivyo, inapata mkunjo wa— unaona, karibu niteleze mwenyewe. Inapata mpindo wa wastani, mkubwa au mdogo kulingana na mpangilio wa besi mahali pale. Hiyo ni kupinda, kitenzi kilichotuzalia upinde. Kukunja kuweke akiba, utakuhitaji utakapoeleza jinsi protini yenyewe inavyojikunja mpaka ikapata umbo lake.

"Kuipindisha" si kosa. Mimi nakikwepa kwa sababu masikio yangu yamezoea kukisikia kikienda na sheria na ukweli, na p53 haijamkosea mtu. Ila usije ukaandika "huipindua DNA", maana hapo tutauliza serikali mpya inaongozwa na nani.

Kuhusu jina la p53 sina ugomvi, ingawa lingestahili. Hiyo 53 ni uzito wa kilodaltoni, kipimo cha uzito wa molekuli, uliosomwa maabara protini ilipogunduliwa mwaka 1979. Uzito wake halisi ni karibu 44. Wameliacha hivyo hivyo, nami naliacha.

Andika: "Protini hii hushika DNA na kuipinda." Maneno sita, na hakuna aliyelala njaa.