Cork Haijulikani kwa Ramani: Kwa Ndugu Anayehamia Ireland

Wiki iliyopita binti mmoja wa nyumbani, Tanga, aliniandikia. Amepata kazi Cork, kusini mwa Ireland, na chumba cha kupanga ameshakichagua kwa kutazama ramani kwenye simu. "Dada, ni dakika kumi na tano tu kwa miguu mpaka kazini," akaniambia. Nilimwomba asitume hata senti moja. Sababu nilizompa naziandika hapa, maana swali lake ninaulizwa kila mwaka.

Nami nilianza hivyo hivyo. Chumba changu cha kwanza kilikuwa upande wa kaskazini wa mto Lee, na kwenye ramani kilikuwa karibu na kila kitu. Kitu ambacho ramani haikunionyesha ni mlima. Ukivuka daraja la St Patrick na kuendelea mbele unakutana na Patrick's Hill, barabara iliyosimama kama ngazi. Asubuhi nilishuka kwa dakika kumi na tano kweli. Jioni, baada ya kutwa nzima ya kuinua na kugeuza wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, nikiwa na mifuko ya sokoni na mvua usoni, nilitumia nusu saa na zaidi. Nilivumilia miezi minane, magoti yakasema basi.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kuelewa ni umbo la mji. Lee unagawanyika kuwa mikono miwili, na katikati ya mji ni kisiwa kati ya mikono hiyo. Jina lenyewe, Corcaigh kwa Kiairishi, limetokana na neno la kinamasi. Barabara kuu ya maduka, St Patrick's Street, imepinda kwa sababu chini yake palikuwa na mkono wa mto uliofunikwa. Kaskazini ni milima tu: Shandon, Gurranabraher, Mayfield. Kusini kuna miinuko pia, lakini miguu inakusamehe.

Sisi watu wa Pwani tuna faida moja hapa. Maji ya bahari hupanda mtoni mpaka mjini, kwa hiyo bamvua (maji yanapojaa sana) na maji mafu (yanapojaa kidogo) tunavyovijua toka utotoni vina kazi Cork pia. Bamvua ikikutana na upepo mbaya, hasa majira ya vuli, maji huingia mitaa ya chini ya kisiwa, kama ilivyotokea Oktoba 2020. Novemba 2009 ulikuwa mto wenyewe uliofurika, kituo cha kusafishia maji kikazama, na maelfu ya nyumba, zikiwemo za kule mlimani, zikakaa siku nyingi bila maji ya bomba. Ukionyeshwa chumba cha chini karibu na mto, muulize mwenye nyumba waziwazi maji yalifika wapi. Kisha kaulize duka la jirani swali lile lile.

Sasa, namna ya kuujua mji. Nunua kadi ya nauli inayoitwa Leap Card, maana nauli yake ni nafuu kuliko ya fedha taslimu. Jumapili ya kwanza panda basi moja, kaa ghorofa ya juu mbele, nenda mpaka mwisho wa safari, shuka, tembea saa nzima, rudi. Jumapili ya pili panda jingine. Kituoni nyosha mkono kama unavyosimamisha daladala, la sivyo dereva atapita. Ukishuka, sema asante kwa sauti. Kila mtu husema, mtoto kwa mzee, na asiyesema huonekana.

Anza na namba 220. Linatoka Ballincollig upande wa magharibi, linapita Grand Parade katikati ya mji, linaingia Douglas, linakwenda Carrigaline, na linatembea saa ishirini na nne. Kwa sisi wa zamu za usiku hilo ni jambo kubwa kuliko uzuri wa nyumba. Nimewaona wenzangu wakilipa teksi mara tatu kwa wiki kwa sababu walipanga mahali ambapo basi la mwisho huondoka kabla zamu haijaisha. Hesabu teksi ndani ya kodi ya nyumba, utaona chumba "cha bei nafuu" kinageuka kuwa ghali.

Vitongoji vya Cork si mabaki ya mji. Vingi vilikuwa vijiji, na mpaka leo kila kimoja kina kanisa lake, maktaba yake, timu yake ya hurling, mchezo wa Kiairishi wa mpira na fimbo, na fahari yake. Ballincollig palikuwa na viwanda vya baruti tangu mwishoni mwa karne ya 18, na magofu yake yamo ndani ya bustani kubwa kando ya mto. Mwaka 2019 mpaka wa jiji ulisogezwa ukazimeza Ballincollig, Blarney, Glanmire na sehemu nyingine, lakini mzee wa Ballincollig bado anakwambia "naenda Cork" akipanda basi. Blackrock ilikuwa kijiji cha wavuvi, na njia ya reli ya zamani sasa ni njia ya waendao kwa miguu na baiskeli; ukiwa na kiu ya upepo wa bahari, nenda huko. Bishopstown na Wilton ni za wanafunzi na wafanyakazi wa hospitali kuu ya chuo kikuu, kwa hiyo vyumba hupatikana lakini Septemba ni vita. Mimi mwenyewe niliishia Douglas na sijahama.

Jiunge na maktaba ya kitongoji chako wiki ya kwanza. Ni bure, hakuna faini ya kuchelewesha kitabu tangu 2019, na pale ndipo nilipopata watu wa kuongea nao wakati nilikuwa nimekaa siku nne sijaita jina la mtu yeyote. Jumamosi nenda English Market, soko lenye paa lililoanza mwaka 1788. Usitishwe na bei za vibanda vya mbele; tafuta vibua wabichi, mwombe muuza samaki akuachie na vichwa vyao. Mara ya pili atakukumbuka.

Lafudhi yao hupanda na kushuka kama wimbo, na utadhani si Kiingereza. Itazoeleka. Ila ujue hili: mtu wa Cork akikuitikia "nitafanya, ndiyo" kwa kuvuta sauti, hafanyi. Na akikuuliza habari yako huku anapita, anakusalimu tu, hasubiri jibu refu kama letu. Iliniuma mwanzoni. Baadaye niligundua kwamba ukiwauliza njia, husimama, huweka mifuko chini na kukusindikiza mpaka kona.

Kuhusu pesa, sheria ya tangu 2021 inamzuia mwenye nyumba kudai zaidi ya kodi ya miezi miwili kabla hujaingia, amana ikiwemo. Anayetaka ya miezi sita kabla hujaona mlango, mwache. Na chumba ukakitazame Desemba kama unaweza, saa kumi na nusu jioni, giza linapoingia. Juni kila mtaa ni mzuri, jua linazama karibu saa nne usiku.

Ukishapata pa kulala, Jumapili moja panda treni stesheni ya Kent uende Cobh. Ni kama nusu saa, sehemu ya njia ikipita juu ya maji. Pale bandarini kuna sanamu ya Annie Moore na wadogo zake wawili. Aliondokea hapo akiwa msichana, na tarehe 1 Januari 1892 akawa mhamiaji wa kwanza kupokelewa Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji New York, Marekani. Mwairishi anayekuuliza umetoka wapi, mara nyingi ana shangazi aliyeondokea bandari ile. Mjibu, halafu muulize na yeye watu wake walikwenda wapi.

Binti wa Tanga ameghairi kile chumba. Atafikia kwangu wiki mbili, na Jumapili ya kwanza tunapanda 220.