Ikama Imekaribia Kujaa, Mbona Wauguzi Wanaelemewa?

SWALI: Mimi ni afisa rasilimaliwatu katika hospitali ya wilaya nchini Tanzania. Ikama yetu, yaani idadi ya watumishi tuliyoidhinishiwa, imekaribia kujaa, lakini wauguzi wanalalamika kwamba wanaelemewa. Ninayo orodha ya watumishi wote kwa kada zao. Niitumieje ninapoandaa maombi ya vibali vya ajira mpya?

JIBU: Ndugu msomaji, jumla ya watumishi ndiyo inayokuficha ukweli. Mtunza kumbukumbu wa ziada anahesabika sawa na mkunga, ilhali hawezi kumzalisha mama usiku wa manane. Kwa hiyo ichambue ikama kada kwa kada na kitengo kwa kitengo.

Kabla ya hesabu yoyote, tafadhali ihakiki orodha hiyo wodini kwenyewe. Uhakiki wa mwaka 2016, ulioondoa maelfu ya watumishi hewa katika malipo ya mishahara, ulionyesha wazi kwamba jina kuwamo katika orodha si ushahidi wa mtu kuwapo kazini. Wapo pia watumishi halali kabisa ambao kwa sasa hawapo: aliye masomoni, aliye katika likizo ya uzazi ya siku 84, aliyeazimwa na ofisi nyingine. Tena yupo muuguzi anayekaa dirisha la malipo kwa sababu hospitali haina mhasibu wa kutosha. Kila mtumishi mwandikie safu mbili, ya kada aliyoajiriwa na ya kazi anayoifanya hasa, kwani naamini sehemu kubwa ya malalamiko ya wauguzi wako itaelezeka hapo.

Kisha linganisha watu na kazi. Shirika la Afya Duniani lina utaratibu wa kukadiria mahitaji ya watumishi kwa wingi wa kazi, na msingi wake si mgumu. Mwaka una siku 260 za kazi. Ukitoa likizo, sikukuu, ugonjwa na mafunzo, tuseme zinabaki 215, yaani saa 1,720 kwa siku ya saa nane. Tabibu anayetumia dakika 15 kwa mgonjwa atahudumia wagonjwa 6,880 kwa mwaka, kwa hiyo wagonjwa 34,400 wa nje wanahitaji matabibu watano, hata kama ikama inataja watatu. Kwa wauguzi wa wodini hesabu hubadilika, maana zamu haziishi jioni.

Angalia pia tarehe za kuzaliwa. Kwa watumishi wengi wa umma, kustaafu kwa hiari ni miaka 55 na kwa lazima ni 60, na kibali cha ajira huchukua muda; kada yenye wataalamu wawili wenye miaka 58 na 59 tayari ina pengo, ijapokuwa leo viti vyote vimekaliwa.

Baada ya hayo, usishangae ombi lako la kwanza likiwa la mhasibu, kwa kuwa kibali hicho kimoja kitamrudisha muuguzi wodini.