Maswali ya Wasomaji: Leo Bagamoyo, Kesho Boti

Shikamooni. Tuko marafiki sita, tunakwenda Unguja kwa boti siku ya Jumapili. Tunataka kufika Bagamoyo Ijumaa, tutembee Jumamosi, tulale hukohuko kisha tudamkie bandarini Dar es Salaam. Inawezekana?
*Msomaji, Morogoro*

Marahaba. Jumamosi haina shida. Kazi iko Jumapili asubuhi. Kateni tiketi za boti kwanza, halafu mpange matembezi kwa kurudi nyuma kutoka saa ya kuondoka.

Kutoka Bagamoyo hadi geti la boti, mkabala na Kanisa la Mtakatifu Yosefu, ni kilometa zipatazo 70. Barabara ikiwa nyeupe, dakika 90 zinatosha. Foleni ikishika kuanzia Tegeta, hesabuni hata mara mbili ya hapo. Daladala za Bagamoyo zinaishia Makumbusho, kwa hiyo mtabadili gari mkiwa na mabegi mkononi. Getini muwepo saa nzima kabla ya boti kuondoka, maana kuna kukaguliwa vitambulisho, kupitisha mizigo na foleni ya kuingilia.

Sasa pigeni hesabu. Boti ya saa 6:30 mchana inawataka getini saa 5:30, hivyo mkiondoka Bagamoyo saa 1:30 asubuhi mtafika bila kukimbizana. Ikiwa boti yenu ni ya saa 1 asubuhi, sahauni kulala Bagamoyo. Tembeeni Jumamosi, saa 10 jioni mpande gari, mkalale Kisutu au Posta ambako bandarini mnakwenda kwa miguu. Gari la kukodi la saa 9 usiku huonekana rahisi mnapopanga; likipata pancha Mapinga, hakuna wa kumpigia simu.

Na kwa kuwa mnatoka Morogoro, msipitie Dar es Salaam kwenda. Pandeni basi la Tanga, Moshi au Arusha, mshuke Msata, kisha mchukue gari la Bagamoyo. Kipande hicho ni cha lami, kilometa kama 64, na kinawaepusha na foleni yote ya Kimara na Ubungo.

Tukiwa na siku moja tu Bagamoyo, tuanzie wapi? Wenzangu wanataka kuogelea, mimi nataka magofu.
*Msomaji, Dodoma*

Atakayeamua ni mwezi, si ninyi. Pwani ya Bagamoyo ni ya kina kifupi: maji yakipwa yanarudi mbali na kuacha tope na mchanga mtupu, na anayetaka kuogelea anabaki kuitazama bahari kwa mbali. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa kabisa karibu saa 4 asubuhi na kujaa karibu saa 10 jioni. Kila siku inayofuata, nyakati hizo husogea mbele kwa dakika kama 50. Baada ya wiki moja, wakati wa maji mafu, mambo hugeuka: kujaa ni asubuhi, kupwa ni alasiri.

Tuchukulie mnafika wakati wa bamvua. Anzeni Kaole saa 2 asubuhi, kilometa 5 kusini mwa mji. Bajaji inafika, ila patana nauli ya kwenda, kusubiri na kurudi kwa pamoja. Kuna magofu ya misikiti miwili na makaburi 22, mengine yenye nguzo, ya mji ulioanza karne ya 13. Kivuli ni haba, ndiyo maana tunasema asubuhi. Wekeni saa moja na nusu, kwa sababu makumbusho yake madogo yana vigae vya vyombo vya Kichina na yanafaa kutazamwa kabla ya magofu, si baada. Mwongozaji atawaambia kuuzunguka mbuyu huongeza miaka ya kuishi. Zungukeni tu, hakuna hasara.

Kisha mwende Misheni ya Kikatoliki, upande wa kaskazini wa mji, iliyoanzishwa mwaka 1868. Mwili wa Livingstone ulifikishwa hapa Februari 1874 kabla ya kuvushwa Unguja na kupelekwa Uingereza. Vaeni nguo za heshima, ni mahali pa ibada.

Mji Mkongwe wa Bagamoyo uacheni hadi jua lipungue: Ngome Kongwe, Caravanserai (kituo cha misafara ya zamani), Boma la Wajerumani la mwaka 1897, na milango ya nakshi ya Mtaa wa India. Vyote mtavipitia kwa miguu. Mkimaliza, maji yamejaa. Wa kuogelea waogelee. Jioni sokoni pwani kuna pweza na samaki wa kukaanga. Chagua anayetoka kwenye mafuta mbele ya macho yako.

Kuna kijana pwani Bagamoyo ametuambia jahazi linavuka Unguja usiku kwa nauli nafuu. Tukubali?
*Msomaji, Kibaha*

Msikubali. Jahazi la mizigo halina leseni ya abiria, mara nyingi halina maboya ya kutosha, na majina yenu hayaandikwi popote. Meli ya Spice Islander I ilipozama Septemba 2011 kati ya Unguja na Pemba, ilikuwa imebeba watu kupita kiasi, na idadi ya waliokuwamo ikabaki ya kubishaniwa. Hiyo ilikuwa meli ya abiria. Kwenye jahazi la magendo hata orodha ya kubishania hamna.

Kuna wanaouliza kwa nini boti kubwa hazianzii Bagamoyo. Ni kina hichohicho kifupi. Zamani meli zilitia nanga mbali na shehena ikaletwa kwa mashua, na mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao makuu yao Dar es Salaam yenye bandari ya kina.

Mwenzetu mmoja hutapika hata kwenye basi. Tunavuka Unguja kwa boti Julai. Tumsaidieje?
*Msomaji, Chalinze*

Julai ni msimu wa upepo wa kusi, na mkondo wa Unguja huchafuka. Mkalisheni sitaha ya chini, katikati au nyuma; mbele boti hupanda na kushuka zaidi. Kama kuna boti ya asubuhi, chagueni hiyo, maana mara nyingi upepo huongezeka mchana. Ale kitu kikavu na chepesi saa moja kabla, asisafiri na tumbo tupu wala na supu ya pweza. Dawa ya kuzuia kichefuchefu hunywewa nusu saa hadi saa moja kabla ya kuondoka. Akisubiri mpaka aanze kutapika, haitakaa tumboni. Promethazine, mojawapo ya dawa hizo, husinziza, basi begi lake libebwe na mwingine. Simu aiweke mfukoni, atazame upeo wa bahari.

Mmoja wetu ni Mkenya. Atumie kitambulisho chake cha nyumbani?
*Msomaji, Korogwe*

Aje na pasipoti, na aibebe mkononi. Akiifungia ndani ya begi kubwa, litakuwa chini ya mizigo ya wengine hadi bandari ya Malindi, Unguja, ambako uhamiaji wataiomba. Ninyi Watanzania, kitambulisho halisi, na jina kwenye tiketi lifanane nacho. Tiketi ikikatwa kwa jina la utani la kijiweni, mtaanza kujieleza getini huku boti inawasha injini.