Kikundi cha sanaa kununua mashine kwa murabaha: ni biashara au riba iliyovishwa kanzu?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha sanaa cha mtaani hapa Mombasa. Tunawafundisha vijana bure uchongaji wa milango na makasha, khat (sanaa ya mwandiko wa Kiarabu), ususi wa mikeka na kaswida. Gharama tunazitoa kwenye oda za samani. Sasa oda zimetuzidi, tunahitaji mashine mbili za mbao. Benki ya Kiislamu imekubali kutuuzia kwa murabaha, yaani benki inunue kitu kisha ituuzie kwa bei iliyoongezwa faida: mashine za shilingi 1,200,000 tuzilipe 1,440,000 kwa miezi 24. Nusu ya kamati wanasema ni riba ile ile. Ndugu yetu aliyeko Uingereza anasema huko kuna benki za maadili, kama Triodos, zinazokopesha vikundi vya sanaa kwa riba nafuu, na hizo ndizo safi. Je, nyumba ya wakfu tunayoitumia yaweza kuwekwa rahani? Na zaka yaweza kulipa deni hili?

JIBU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullahi wa barakatuh.

Dada yangu, nianze na hao wanakamati, maana hoja yao ndiyo nzito. Bei kuzidi kwa sababu ya muda peke yake si riba. Wanazuoni walio wengi wamejuzisha kuuza kwa awamu kwa bei ya juu kuliko ya taslimu, muradi bei moja ikubaliwe kabla pande mbili hazijaachana. Waliodai kuwa biashara ni kama riba wamejibiwa katika Al-Baqara, aya ya 275: Mwenyezi Mungu ameihalalisha biashara na ameiharamisha riba.

Ila kushuku kwao kuna msingi. Mtume (s.a.w.) alimwambia sahaba wake Hakim bin Hizam, "Usiuze usicho nacho." Basi benki sharti iinunue mashine kwanza, iwe milki yake na hasara yake, ndipo iwauzie nyinyi. Hivyo ndivyo Baraza la Fiqhi la Kiislamu la kimataifa lilivyoshurutisha katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988.

Kaziangalieni karatasi. Ankara ya muuzaji ina jina la nani, la benki au la kikundi? Mkataba wa mauziano mnautia saini kabla benki haijanunua au baada? Lori likipinduka Mariakani kabla hamjauziwa, nani anapata hasara? Ikiwa jibu ni "nyinyi", au mnaingiziwa 1,200,000 kwenye akaunti na kila fomu inatiwa saini asubuhi moja, basi wanakamati wamesema kweli: hizo ni pesa kwa pesa zaidi, na jina la Kiarabu haliziokoi. Ikiwa utaratibu umefuatwa, hiyo ni biashara halali, na 60,000 zenu za kila mwezi ni bei ya mashine. Mkichelewa, bei haipandi. Benki nyingi hutoza faini ya ucheleweshaji. Ulizeni inakwenda wapi, kwani isipotolewa sadaka yote na ikiingia katika faida ya benki, hiyo ni riba ya wazi.

Kuhusu Triodos, ndugu yenu hakusema uongo. Benki hiyo ilianzishwa Uholanzi mwaka 1980, hukopesha miradi ya sanaa na utamaduni, na hutangaza hadharani taasisi inazozikopesha. Natamani benki zetu za Kiislamu zingeiga uwazi huo. Mwenye amana ana haki ya kujua pesa zake zimejenga nini. Lakini maadili ya pale pesa zinapokwenda hayasafishi mkataba wenyewe. Riba nafuu ni riba. Na kinyume chake pia: benki yenye mikataba safi isiyotaka kuwasikiliza mafundi na wasusi, ikikimbilia majumba na magari tu, imetimiza nusu ya wajibu.

Jambo hamkuniuliza, nami nalisema: mashine ina oda zinazoingoja, itajilipa. Msije mwakani mkanunua kwa awamu sare za kaswida na viti vya tamasha kwa kutegemea michango. Deni la kitu kisichoingiza chochote litakula hadi ada za walimu.

Nyumba ya wakfu haiwekwi rahani. Umar (r.a.) alipoiweka wakfu ardhi yake ya Khaybar, sharti lilikuwa isiuzwe, isirithiwe, isitolewe hiba. Rahani maana yake deni likishindikana kitu kiuzwe, na hiki hakiuziki. Wanazuoni wetu wa Kishafii wamemruhusu msimamizi wa wakfu akope kwa ajili ya ukarabati wa wakfu kwa idhini ya hakimu, lakini hilo ni jambo jingine. Likiwafika, nendeni kwa kadhi na Tume ya Wakfu. Kwa sasa iambieni benki ichukue rahani mashine zenyewe mkishauziwa. Inajuzu, na Mtume (s.a.w.) alifariki deraya yake, vazi la chuma la vita, ikiwa rahani kwa shayiri.

Zaka msiiguse kulipia awamu. Fungu la wenye madeni lililotajwa katika At-Tawba, aya ya 60, ni la watu, si la mashine za kikundi. Kijana wenu aliye fukara apewe zaka mkononi mwake. Awamu zilipwe na oda, au sadaka ya anayejua anachangia nini.

Benki pia itataka wadhamini. Mtume (s.a.w.) alikataa kumswalia maiti mwenye deni mpaka sahaba Abu Qatada alipolibeba yeye. Kwa hiyo mwanakamati atakayetia saini ya udhamini aelezwe kabla ya kushika kalamu kwamba kikundi kikishindwa ataulizwa yeye, na akifa deni litatolewa katika mirathi yake kabla warithi hawajagawana. Mkewe na wanawe wajue pia.

Wallahu a'lam.