CB350 inazima silinda moja ikipata moto

Habari ndugu. Pikipiki yako, Honda CB350 ya zamani ya silinda mbili, inawaka vizuri, kisha ikipata moto silinda moja inakufa, na fundi anataka ubadilishe koili (kifaa kinachokuza volti za betri ili plagi itoe cheche). Usinunue bado. Badilishanisha koili zenyewe, yaani hamisha nyaya za pointi (swichi ndogo zinazokata na kuunga umeme wa koili) na za plagi, ili koili ya kushoto ihudumie silinda ya kulia. Tatizo likihama, koili ndiyo mbovu. Lisipohama, angalia pointi, kondensa (kifaa kinacholinda pointi zisiungue) na plagi.

Ukifika Kirinyaga Road, Nairobi, kwenye maduka ya vipuri, tafadhali usikubali koili ya bodaboda! Nyingi ni za CDI (mfumo wa kielektroniki usiotumia pointi), ukinzani wake haufiki hata omu 2, zitaunguza pointi. Tafuta ya volti 12, omu 4 hivi. Pima volti zinazofika kwenye koili pia, swichi ikiwa imewashwa na pointi zimefungana. Zikiwa chini sana ya betri, safisha viunganishi na swichi.